Mwaka wa Ute Kiwandani

Tulimzika Ghati siku ya Jumamosi huko Kegonga, nyuma ya nyumba yake, na mtu aliyesoma wasifu wake alisema marehemu aliwahi kupata nafasi ya kusomea udaktari wa sayansi ng'ambo, "lakini kwa bahati mbaya hakumaliza." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilikuwa nimeketi katikati ya walimu wenzake waliostaafu, na hayo maneno yalinichoma kama kaa. Bahati mbaya! Nilitaka nisimame niseme kwamba haikuwa bahati, kwamba Ghati alichagua, tena mchana kweupe, mbele ya watu, na kwamba mmoja wa waliomfikisha kwenye uchaguzi huo ni mimi. Sikusimama. Baadaye, kwenye hema la chakula, binti yake Boke alinijia na sahani mkononi akaniuliza, "Anti Risper, wewe ndiye uliyekuwa na mama kule kiwandani. Ni nini kilitokea kule? Yeye hakupenda kuongea." Nilimjibu kwamba jambo lile halisemeki kati ya wali na nyama, nitamwandikia. Basi naandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini na nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifanya kazi katika maabara ya kiwanda kidogo cha sukari upande wa Migori, karibu na mpaka wa Homa Bay. Jina lake silitaji, na siku hizi hata mabati yake yameng'olewa. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililotazama uwanja wa mizani, meza mbili zilizobabuka kwa asidi, jokofu lililotetemeka kama mgonjwa wa malaria, na polarimita. Hii polarimita ndiyo iliyonipa ajira, na ndiyo karibu initie dhambini maisha yangu yote. Ni bomba lenye kioo kila upande. Unachukua maji ya miwa, unayasafisha kwa dawa mpaka yang'ae, unayamimina ndani, kisha unachungulia taa ya manjano upande wa pili. Sukari huupinda mwanga. Kadiri mwanga unavyopinda ndivyo sukari ilivyo nyingi, na namba unayoisoma ndiyo kiwanda kizima kinaiamini. Kila asubuhi niliandika namba zangu, nikatia sahihi, na mkuu wa maabara, Bwana Odera, akazipeleka kwa Meneja. Nilijiona mtu mkubwa. Sahihi yangu niliipamba kwa mkia mrefu chini.

Ghati alifika na mvua za kwanza, amebeba begi moja la nguo na kikasha cha barafu alichokikumbatia kama mtoto mchanga. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo, ameruhusiwa kufanya majaribio kwetu msimu mmoja, na kwa kuwa nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimejaa, alipewa kulala chumbani kwangu. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria; hakujua Kijaluo changu wala mimi sikujua Kikuria chake, kwa hiyo urafiki wetu wote ulikaa ndani ya Kiswahili, na tuligombana kwa Kiswahili vilevile. Yeye alisonga ugali wa wimbi mweusi mgumu, mimi nikakaanga omena, dagaa wa ziwani, na mwanzoni aliwasukuma pembeni mwa sahani akisema wanamtazama. Ndani ya kikasha chake kulikuwa na mirija mitatu midogo ya kioo, kila mmoja una maji yasiyozidi kifuniko cha soda. "Hiyo ni miaka yangu minne," aliniambia siku ya kwanza, akiipanga kwenye jokofu letu. "Ukiiangusha, Risper, mimi na wewe hatujuani."

Nilimuuliza ni nini, naye akanieleza tukiwa tunakula, akitumia waya laini wa kufungia magunia na shanga za kwao. Alizitunga shanga kwenye waya mmoja mrefu. Hiki, alisema, ni kimeng'enya, kifaa ambacho bakteria hukitengeneza ndani ya mwili wake ili kimfanyie kazi. Ukikinyoosha ni mnyororo tu, vipande mia kadhaa kimoja nyuma ya kingine. Lakini hakikai kimenyooka. Akaukunja waya, akaukunja tena, mpaka ukawa donge lenye shimo ubavuni. "Kazi yote iko hapa," akasema, akiingiza ncha ya kidole shimoni. "Mnyororo wa sukari unaingia hapa, unashikwa, unakatwa, unatoka. Ukikikunja vibaya, shimo halipo, una takataka mkononi." Chake kilitoka kwa bakteria wa udongoni, na kazi yake ilikuwa kukata minyororo ya ute ambao bakteria wengine huutengeneza kwenye miwa. Tatizo lilikuwa joto. Maji ya miwa kiwandani ni ya moto, na joto hulegeza donge mpaka likafunguka. Ghati alikuwa amebadilisha vipande viwili tu kati ya vile mia kadhaa, akaweka mahali pao vipande vyenye salfa vinavyoshikana, kama kifungo na tundu lake. Alichukua uzi akashona sehemu mbili za waya pamoja, akanipa nivute. Donge halikufunguka. "Umbo lake hakuna mtu amewahi kuliona kwa macho," alisema. "Nimekisia kutoka kwa ndugu zake wanaojulikana. Kwa hiyo nimekuja kuona kama nimekisia sawasawa." Alikuwa anacheka.

Mrija wa kwanza uliharibika wiki ileile umeme ulipokatika siku mbili. Wa pili aliutumia kupima, akapata namba nzuri, lakini hazikutosha; msimamizi wake alitaka vipimo virudiwe katika viwango vitatu vya joto ndipo vikubaliwe. Ukabaki wa tatu. Kuagiza mwingine haikuwezekana, kwa sababu aliyekuwa akiitunza mbegu ya bakteria wake kule ng'ambo aliandika barua kwamba imekufa, na kuianza upya kulitaka muda ambao mfadhili hakukubali kuulipia.

Mwezi wa tano mambo yakaanza kuharibika kiwandani. Matrekta yalikwama kwenye matope, na miwa iliyokatwa ikalala mashambani siku sita, saba, ikinyeshewa. Ilipofika ilinuka kama pombe ya busaa. Wakati huohuo Bwana Odera alikuwa amesimamisha usafi wa Jumapili, ule wa kupitisha mvuke kwenye matangi na mifereji, ili mashine zisipoteze hata saa moja. Mimi niliona mifereji ikiota kitu kama apoth, mlenda wa kwetu, iliyopikwa sana, kinachovutika, kinachoteleza. Vichujio vikaziba. Lakini namba zangu, cha ajabu, zilipanda. Polarimita ilisema hatujawahi kupata miwa tamu kama ile, na bado magunia yaliyotoka upande wa pili yalizidi kupungua. Mzee aliyepika sukari, Okeyo, alikuja maabara mchana mmoja ameshika kipande cha kioo alichopaka sukari inayoiva. Alikuwa mtu wa Rodi Kopany, amepika sukari tangu ujana wake, na alinisemesha kwa heshima ambayo sikustahili. "Nyarwa," aliniambia, "binti yetu, hebu angalia hii. Punje zinatoka ndefu kama sindano. Hii sukari iko mgonjwa." Nikaangalia. Kweli, badala ya punje za pembe sawa, kulikuwa na vijiti. Nikamwambia nitalifuatilia, nikakitia kile kioo kwenye droo.

Jioni nilimweleza Ghati, naye akaacha kula. Kesho yake alikwenda kwenye mifereji, akachota ule ute, akautazama kwa hadubini, akaniita. Vilikuwa vidoa viwili viwili, vimepangana kama ushanga. Bakteria hao, alinieleza, wana kimeng'enya kingine, ndugu wa mbali wa hiki chake lakini kinafanya kinyume. Kinaishika sukari ya muwa, kinaikata vipande viwili, kimoja kinakitupa na cha pili kinakiunga kwenye mnyororo, kisha kingine, na kingine, maelfu kwa maelfu, mpaka unakuwa ute. "Na huo ute, Risper, unaupinda mwanga kuliko sukari. Karibu mara tatu. Polarimita yako haijui tofauti. Sukari inaliwa, na wewe unaandika kwamba imeongezeka." Nilikaa kwenye kiti. Nilikwenda kwa Bwana Odera saa hiyohiyo, nikaanza kueleza, naye akanisikiliza akiwa ameegemea mlango. "Hizo namba nani amesaini?" akaniuliza. Nikasema mimi. "Basi ukisema ni mbaya, ni nani ameharibu kazi? Rudi kwa kiti yako, madam. Huyo mgeni wako msimu ukiisha ataenda. Wewe utabaki hapa na sisi." Nikarudi kwenye kiti. Kesho yake niliandika namba kama kawaida, nikatia sahihi, na mkia wake mrefu.

Siku nne baadaye walimkamata Okeyo. Meneja alikuwa ametoa hesabu yake: maabara inasema sukari iliingia, ghala linasema haikutoka, na kati ya maabara na ghala kuna mpishi. Polisi wawili walimtoa kwenye chumba cha kupikia akiwa bado amevaa aproni, wakampitisha chini ya dirisha langu. Hakupiga kelele. Alichosema ni, "Niacheni nizime stimu kwanza, sukari itaungua," na wakamkatalia. Kwenye kantini, ukuta wa mbao ukiwa kati yetu, niliwasikia wanaume wakila ugali na kuongea. Mmoja alisema Okeyo amekuwa akipeleka sukari Masara, kuwauzia wachimba dhahabu. Mwingine akasema ndiyo maana alijenga nyumba ya mabati. Wa tatu, sauti ya mzee, akasema, "Okeyo? Aibe?" lakini wengine waliendelea kutafuna, na mwishowe naye akasema, "Haya, lakini maabara imesema." Kijiko changu kikabaki hewani. Maabara ni mimi.

Nilinyamaza siku kumi na tisa. Nimejaribu mara nyingi kuzieleza hizo siku kwa namna inayonifanya nionekane mtu mwoga tu, kwa sababu uoga watu huusamehe. Lakini ukweli ni kwamba kulikuwa pia na kiburi. Nisingestahimili kuitwa yule msichana asiyejua kusoma kipimo. Nilikula, nikalala, nikapiga pasi aproni yangu. Ghati alidhani nimeshasema, kwamba Bwana Odera amelipeleka kwa Meneja na wanachelewa tu. Siku ya kumi na tisa alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini bila kutoa kitu. "Nimekutana na mke wa Okeyo. Anatoka Homa Bay, rumande. Amekuja kuomba nguo za mumewe zilizobaki kiwandani, na Meneja bado anamwita mumewe mwizi." Akanitazama. "Meneja hajui lolote, sivyo? Hujamwambia." Nikasema nilimwambia Bwana Odera. "Halafu?" Nilitarajia anitukane. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokwisha kuwa safi, akafuta kwa muda mrefu, kisha akasema bila kuniangalia, "Kesho tunaenda polisi. Usipoenda, nitaenda peke yangu, na nitawaambia ulijua."

Inspekta aliyepewa kesi hiyo alitusikiliza huku akiandika. Nilipomaliza alinigeuzia karatasi zangu mwenyewe. "Hii sahihi ni yako? Na leo unasema ni uongo? Unajua naweza kukuweka ndani wewe?" Nikasema najua. Aligeuza ukurasa, akasoma, akageuza tena. "Mambo ya bakteria mimi sijui," alisema mwishowe. "Mnifanyie hiyo kitu nione. Jumanne, hapo hapo kiwandani, na mkubwa wenu akiwepo."

Jumanne walikuwa wanne upande wa pili wa meza: Inspekta, Meneja, Bwana Odera na mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Kinu kilisimamishwa, na kile kimya kilinitisha kuliko kelele zake. Ghati aliweka glasi mbili. Moja ilikuwa na maji ya miwa mibichi tuliyoikata asubuhi ile, ya pili ilikuwa na maji kutoka tangini. Alimimina spiriti kwenye kila moja. Ya kwanza ikabaki angavu. Ya pili ikageuka nyeupe, ikawa nzito kama uji, na ute ukashuka taratibu chini ya glasi. Tulichuja nusu ya glasi hiyo, nikayaweka maji yaliyochujika kwenye polarimita, nikamwomba Inspekta asome mwenyewe. Alifunga jicho moja, akachungulia, akataja namba, na nikapiga hesabu ya spiriti iliyoongezwa. Namba ilikuwa imeanguka. Ilikaribiana kabisa na magunia yaliyotoka. Mjumbe wa chama akavuta pumzi. Lakini Bwana Odera alikuwa mjuzi wa kazi yake. "Hiyo ni gundi ya kawaida," alisema kwa utulivu. "Kila muwa una gundi na wanga. Spiriti inashusha kila kitu. Huyu mama ametuletea mazingaombwe. Kama ni ute wa bakteria, atuonyeshe ni huo na si kitu kingine." Inspekta akamgeukia Ghati. "Unaweza?"

Nilijua anachofikiria. Kilikuwepo kitu kimoja pale kiwandani kinachokata ule ute na kuacha gundi, wanga na kila kitu kingine bila kukigusa. Ghati alisema, "Naweza, kwenye glasi." Alihitaji tone moja tu kwa glasi, mrija ungebaki. Meneja akatikisa kichwa. "Glasi mnazichezea huko jikoni kwenu. Chukueni ndoo nzima ya tangini, mbele yetu, na moto wake uleule. Ikifanya kazi kwenye ndoo nitaamini. La sivyo, mzee aende mahakamani." Nikamwambia Ghati kwa sauti ya chini, "Usifanye. Tutapata njia nyingine." Alinijibu bila kushusha sauti, "Ipi?" Kisha akaenda kwenye jokofu.

Aliumimina wote. Aliusuuza mrija kwa maji ya ndoo ileile, akayarudisha ndani, akakoroga kwa fimbo ya kioo. Maji yalikuwa na moto usioruhusu mkono kukaa. Tukangoja nusu saa. Hakuna aliyekaa. Meneja alitazama saa, Bwana Odera alitazama dirishani, na mimi nilimtazama Ghati, ambaye alitazama ndoo tu, midomo ikicheza kama anayesali au anayehesabu. Ilipotimia alichota glasi moja, akamimina spiriti. Tukangoja ile nyeupe. Ilikuja kama pumzi tu juu ya kioo, ukungu mwepesi, basi. Akachota nyingine, ikawa vivyo hivyo. Inspekta aliinua ile glasi ya mwanzo ya tangini yenye uji na hii mpya, akazishika zote mbili dhidi ya dirisha, akazitazama muda mrefu. "Bwana Odera," akasema, "haya matangi yalioshwa lini mara ya mwisho?" 

Ghati alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta karibu na rundo la makapi, analia na kucheka kwa pamoja. "Kilivumilia," alisema. "Umeona? Nusu saa kwenye moto ule, na hakikufunguka. Nilikisia sawasawa." Kisha akafuta macho. "Na hakuna aliyepima." Ilikuwa kweli. Hakukuwa na namba hata moja iliyoandikwa ambayo msimamizi wake angeikubali. Palikuwa na ndoo na mashahidi wanne wasiojua walichokiona. Mwisho wa msimu aliandika barua ya kujitoa, akarudi Kegonga, akafundisha kemia mpaka alipostaafu. Miaka mingi baadaye, wanasayansi walipofaulu kuupiga picha ule mkunjo wa kimeng'enya kinachokata ute, alinitumia ukurasa aliouchapisha kwa kompyuta mjini, ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha daftari: *Shimo liko palepale nilipolitia.* Boke, hiyo karatasi ninayo. Ni yako ukiitaka.

Kumwachia Okeyo kulichukua karatasi nyingi na siku kumi zaidi. Bwana Odera alihamishwa, mifereji ikapigwa mvuke, na mimi niliacha kazi kabla hawajaamua wanifanye nini. Siku aliyotoka nilikwenda Homa Bay, nikamngoja nje ya lango. Alikuwa amekonda, na alishika mfuko wa plastiki wenye aproni yake. Hakushangaa kuniona. Tulitembea kidogo, kisha akauliza kwa Kijaluo, "Ulijua lini?" Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi njiani. Nikasema, "Siku moja baada ya wewe kuniletea kile kioo." Akasimama. "Kabla hawajanichukua?" Nikasema, "Kabla." Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonja kitu. Nilingoja anifukuze. Badala yake alisema, "Twende nyumbani. Hayo utayasema mwenyewe."

Nyumba yake ilikuwa karibu na soko la Rodi Kopany. Mkewe, Min Awuor, yaani mama Awuor, alikuwa akipepeta mahindi uani, akaangusha ungo alipomwona, na kwa muda palikuwa na vilio na kushikana mikono, nami nimesimama kando sijui niweke wapi macho. Kisha Okeyo akamwambia, "Huyu ndiye wa maabara. Ana neno." Walinipa kigoda, sikukaa. Nikasema. Nilisema namba zilikuwa zangu, zilikuwa za uongo, nilijua, nikanyamaza, na mume wake hajawahi kuchukua hata punje. Min Awuor alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amefunga mikono kifuani. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea. Akaenda mpaka ua wa michongoma, akaita majina, moja baada ya jingine, kwa sauti iliyofika barabarani. Watoto wakaja. Jirani wa kulia akaja na mwiko mkononi. Wanawake wawili waliokuwa wakienda sokoni wakasimama, kisha wakaingia. Ua ulipojaa akanigeukia.

"Sasa rudia," akasema. "Pole pole. Wote wasikie."

Nikarudia.